Kiti cha Anayechungwa

Gerda Plathe alikuwa na kazi ambayo ingemfaa zaidi mmbea, na yeye hakuwa mmbea. Alikaa juu ya karakana ya kusubu chuma, ndani ya kibanda cha kreni kilichoning'inia karibu na paa, na kutoka huko aliona kila kitu. Aliona nani amejibanza nyuma ya tanuri anavuta sigara, nani amebeba mbao za kiwanda kwenda kujengea kibanda cha bustani yake, na msimamizi gani anasinzia huku amekunja uso ili aonekane anafikiri. Miaka yote hiyo aliona akanyamaza. Wenzake walimpenda kwa sababu hiyo. Baadaye walimchukia kwa sababu hiyohiyo: mtu aliyeona yote hayo asiseme, kwani alikuwa anamwekea nani?

Hii ilikuwa Magdeburg, upande wa Buckau kwenye mabomba marefu ya moshi, mwaka ule timu ya mji ilipofika fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya.

Gerda alizaliwa kandokando ya mto Elbe. Aliponea chupuchupu usiku wa Januari mji ulipogeuzwa majivu na mabomu, na usichana wake ukaishia kwenye kuzoa vifusi na kupanga matofali. Aliolewa na Willi, fundi mitambo mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mtoto hawakujaliwa. Kaka yake wa pekee, Alwin, alikimbilia Magharibi, nusu ya kibepari ya nchi, kabla ukuta wa kuzuia wakimbiaji haujajengwa, akatulia Duisburg, na kila Krismasi alituma kifurushi cha kahawa. Kisha Willi akafa kwa mapafu. Alimwachia mkewe redio, paka, na nafasi mbili ambazo Gerda alizithamini kuliko fanicha: pale uwanjani, jukwaa la kusimama, na pale kwenye meza ya karata ya Alhamisi, katika baa ya Mama Schnelle.

Mchezo wenyewe ni skat, na skat ni ya watu watatu. Wawili haichezeki. Ndiyo maana Willi alipokufa, wenzake wawili hawakungoja hata arobaini ipite kwa mujibu wa mila yoyote ile. Walimwendea mjane wakamwuliza, kwa aibu kidogo, kama marehemu aliwahi kumfundisha. Gerda alijua kuliko marehemu. Tangu hapo ikawa Gerda, Egon na Reinhold.

Egon Röpke alikuwa mchomeleaji vyuma, mdomo wazi, baba wa watoto watatu. Alimwita Gerda shemeji, kwa kuwa yeye na Willi walikuwa kama ndugu. Mechi za nyumbani alikwenda naye, na akinyeshewa alimpa upande mzuri wa mwavuli. Reinhold Zabel alikuwa mtunza ghala. Alikuwa mpole na msafi, mtu wa kuleta viazi vya bustani yake bila kuombwa. Kama Egon alikuwa ngoma, Reinhold alikuwa zulia chini ya ngoma.

Basi timu ikawatoa Wareno katika nusu fainali, na mji ukapata wazimu wa heshima. Vijana wale wote walitoka mkoani humohumo. Kila mtu alikuwa na shangazi aliyewahi kumfuta kamasi mmoja wao. Sasa walikuwa wanakwenda Rotterdam kukutana na Milano, mabingwa watetezi, na huko ilikuwa Magharibi. Magharibi hakwendi mtu kwa sababu anapenda mpira.

Alhamisi ile Egon aliweka bia chini akasema, "Mnajua basi la Rotterdam litakavyopangwa? Viti hamsini. Arobaini na tisa vya wanaochunga, kimoja cha anayechungwa. Mimi nakiomba hicho kimoja."

Gerda alicheka hadi karata zake zikaonekana. Reinhold alitabasamu akamwomba apunguze sauti.

Egon hakuwa anaota. Kikosi chake cha kazi kilikuwa kimependekeza jina lake, na kwa kanuni za wakati ule alikuwa mtu wa kufaa kabisa. Aliyeruhusiwa kuvuka mpaka ni yule aliyeacha rehani nyumbani: mke, watoto, na kama inawezekana mama mkwe, ingawa kwa mama mkwe wapo ambao wangevuka kwa kasi zaidi. Egon alikuwa na rehani ya kutosha mabasi mawili. Tena hakukosa mechi tangu timu ilipokuwa haina hata jezi za kubadilisha.

Siku ya kutangaza, mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi alisimama kwenye bwalo wakati wa supu. Egon alikuwa ameshanyanyua makalio kidogo kutoka kwenye benchi, tayari kuinuka. Mwenyekiti akataja wa karakana ya mitambo, akataja wa ofisi ya michoro, halafu akakohoa.

"Kutoka karakana ya kusubu: Ndugu Gerda Plathe, mwendesha kreni."

Vijiko vilisimama. Egon alishusha makalio polepole, kama mtu anayekalia yai.

Gerda mwenyewe alidhani wamekosea. Alikwenda kuuliza akaambiwa hawajakosea. Alifikiria kukataa, lakini kukataa nako kungetaka maelezo, na maelezo ndiyo yaliyowaozesha gerezani watu wengi kuliko makosa. Na tuseme kweli: alitaka kwenda. Alitaka kwa tumbo zima, kama mtoto.

Alhamisi iliyofuata alifika kwa Mama Schnelle akiwa na hotuba aliyoipanga njia nzima. Hakupata nafasi ya kuitoa.

"Hongera, Ndugu Plathe," akasema Egon.

Neno hilo lilikuwa la mikutanoni, la watu wa Chama, na Egon hakuwa amewahi kumwita hivyo hata kwa utani.

"Shemeji, mimi mwenyewe sielewi."

"Unaelewa. Mjane, huna mtoto, kaka yako yuko Duisburg anakula soseji za mabepari. Wasingemruhusu hata paka wako avuke. Wewe wamekuruhusu. Sasa niambie, hiyo ni bahati au ni mshahara?"

"Egon, gawa karata," akasema Reinhold kwa upole.

"Nagawa nini? Mzaha wa basi niliusema hapa. Tulikuwa watatu. Mimi sikujichongea, na Reinhold hakupata kitu. Mwizi hujulikana kwa kilichomo mfukoni." Akamtazama Gerda mfukoni kabisa, kama kwamba tikiti ilikuwa inachungulia. Kisha akamaliza bia, akaondoka. Gerda na Reinhold wakabaki wanatazama karata ambazo watu wawili hawawezi kuzifanyia lolote.

Basi lilipoondoka alikuta mzaha wa Egon umetimia neno kwa neno. Kulikuwa na wahandisi, makatibu, mabingwa wa kazi, wote wakiangalia mbele kama picha za pasipoti. Nani anachunga na nani anachungwa halikuwa jambo la kuuliza, ila Gerda alijua kimoja: kila aliposimama kunyoosha miguu, mwanamume mwenye koti la kijivu naye aligundua kwamba miguu yake imechoka.

Uwanja wa Rotterdam ulikuwa mkubwa na mtupu. Waholanzi hawakuja, maana timu ya mji ule haikuwemo, na Wataliano walikuja kidogo kana kwamba kombe litawafuata nyumbani lenyewe. Watu elfu chache walitawanyika kwenye majukwaa yale kama meno ya mzee. Ukipiga kelele, kelele ilikwenda upande wa pili, ikakosa wa kuipokea, ikarudi kwako. Gerda alimsikia kipa akiwapangia mabeki wake, kwa lafudhi ya nyumbani, kama jirani anayegombana na watoto uani.

Karibu na mapumziko mchezaji wa Milano aliuingiza mpira kwenye lango lake mwenyewe. Watu wa basi walinyanyuka nusu, kisha wakamwangalia mwenye koti. Yeye aliruka. Basi wakaruka wote, na walipoona amekaa, wakakaa.

Wakati wa mapumziko mwenye koti alimletea Gerda kikombe cha kahawa. Alikuwa na uso wa mtu anayeweza kukuuzia bima.

"Duisburg si mbali na hapa," akasema. "Kaka yako hakuja?"

"Hajui kama nipo."

"Pole. Ungemwonjesha hii ajue kahawa ni nini. Ya kwake si unasema ni maji ya kuoshea sufuria?"

Alicheka kidogo, wala si kwa ubaya, akarudi kwenye kiti chake. Kikombe kiliunguza vidole vya Gerda na hakukiweka chini.

Maneno yale alikuwa ameyasema kweli. Barua zake zilifunguliwa njiani, hilo kila mtu alilijua, lakini katika barua alimsifia Alwin kahawa yake hadi aibu. Neno la maji ya sufuria alilisema mahali pamoja tu, kwa watu wawili tu, akiwa na karata mbaya mkononi.

Kipindi cha pili alikitazama kwa jicho moja. Jicho la pili lilikuwa Buckau, likizunguka meza. Reinhold? Reinhold hakuwahi hata kumtaja mtu kwa ubaya. Egon? Egon ndiye aliyekosa kiti. Au alikosa kwa makusudi? Mtu anayesema mizaha ile mbele za watu miaka nenda miaka rudi, mbona hajawahi kuitwa popote? Aliyepiga kelele ya mwizi kwa nguvu zote, kwani alikuwa anamfukuza nani? Gerda alijiona anamfikiria hivyo mtu aliyempa upande mzuri wa mwavuli, akajichukia, akaendelea kumfikiria hivyohivyo.

Bao la pili lilimkuta hapo. Kiungo mmoja alipokea mpira pembeni mwa lango, pembe ikazidi kubana, wewe unasema hapa hapana njia, yeye akapiga. Safari hii Gerda hakumwangalia mwenye koti. Aliruka kabla yake, peke yake, kahawa ikamwagikia sketi ya katibu wa vijana.

Vijana walipokea kombe, wakazunguka uwanja wakiwa wamevaa majoho meupe ya kuogea, kama wagonjwa waliotoroka wodini na mali ya hospitali. Gerda alilia. Hakuna timu ya nchi yake iliyowahi kulitwaa kombe la Ulaya, na hii ilikuwa ya kwao, watoto wa mtaani. Jambo la kwanza lililomjia ni kwamba lazima amsimulie Egon. La pili lilikuwa kwamba Egon huenda ndiye mpeleka habari.

Nyumbani mji ulikuwa bado na kilevi cha furaha. Kila mtu aliiona mechi kwenye TV, na kila mtu alikuwa na hamu ya kusimuliwa na aliyekuwepo, ila si na huyu. Bwaloni alipokaa, mazungumzo yaligeuka kuwa ya hali ya hewa. Watu wakasifu mvua kwa kirefu.

Lakini kilichomuumiza zaidi kilikuwa wema. Fundi wa nyumba yao, aliyeahidi kurekebisha dirisha lake la jikoni tangu Willi akiwa hai, alikuja siku ile ya pili na vifaa vyote, akapaka na rangi. Jirani wa chini alimbebea gunia la makaa hadi juu, akamnong'oneza kwamba binti yake ameomba nyumba, kama angeweza kuwagusia "wale wenzako". Mama Schnelle alimpa goti la nguruwe kubwa kuliko la mtu yeyote, kabichi chachu ikafurika, njegere zilizopondwa zikawa kilima. "Kula, mama, kula," akasema, akarudi kaunta bila kungoja kulipwa.

Gerda alilitazama goti lile, njaa ikamwisha. Watu hawa hawakumchukia tu. Walikuwa wameamini kabisa kwamba ndiye shushushu.

Kwa Egon alijaribu mara moja, getini, zamu ilipoisha.

"Egon, hutaki hata kujua ilikuwaje?"

"Nitaisoma kwenye ripoti yako, Ndugu Plathe."

Hapo ndipo alipoamua kucheza. Katika skat, anayeshinda mnada huchukua karata mbili za mezani, halafu anazika mbili zake kifudifudi, na hakuna ajuaye ni zipi mpaka mwisho. Gerda alizika habari mbili za uongo. Alimkimbilia Egon getini siku hiyohiyo, akamwambia mgongoni kwamba Alwin alimtumia salamu kupitia muuza soseji wa Kiholanzi. Egon hakugeuka. Kesho yake alishuka ghalani kuomba glovu, akamwambia Reinhold kwa sauti ndogo kwamba alionana na Alwin uso kwa uso, nyuma ya vyoo, wakakumbatiana.

Ulikuwa ujinga, na aliujua. Kumtega panya kwa kidole chako mwenyewe ni lazima uwe na uchungu sana na huyo panya. Kama angeitwa na kuulizwa kuhusu muuza soseji, basi ni Egon. Kama angeulizwa kuhusu vyoo, ni Reinhold. Na kwa vyovyote vile yeye angekuwa matatani. Alikaa juu ya kreni akingoja kuitwa, akibeba kalibu za chuma huku na huku kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai ya watu.

Hakuitwa. Badala yake, wakati wa chakula cha mchana, karakana ikiwa tupu, alisikia ngazi inalia. Akachungulia. Reinhold alikuwa anapanda, amevaa koti lake la ghala, macho amefumba nusu. Ngazi ndefu kuliko zote alizowahi kupanda ilikuwa ya kufikia rafu ya juu ya misumari. Aliingia kibandani akiwa mweupe kama yale majoho ya Rotterdam, akashika nguzo kwa mikono miwili.

"Ile habari ya kaka yako," akasema akihema. "Umemwambia nani mwingine?"

"Kwa nini?"

"Nijibu tu, Gerda."

"Hakuna."

Akashusha pumzi. "Basi usimwambie mtu. Mimi nimeisahau. Lakini ukimsimulia mwingine, na huyo mwingine akaipeleka, wataniuliza mimi kwa nini sikuipeleka."

Chini yao tanuri lilikuwa linanguruma peke yake. Gerda aliyasikia maneno yale mara ya kwanza kama ushauri wa rafiki, na mara ya pili kama yalivyokuwa.

"Kumbe ni wewe."

Reinhold hakukataa. Alitazama chini, akajuta kutazama, akafumba macho. Alieleza kwa vipande. Walimshika zamani kwa jambo la binti yake, akaomba asiulizwe zaidi. Mara moja kwa mwezi alikunywa kahawa nzuri na mtu mbaya. Mengi aliyowapa yalikuwa makapi: nani kanunua pikipiki, nani kagombana na mkewe, kahawa ya Alwin ikoje.

"Na mzaha wa Egon?"

"Waliniuliza kama ni mtu wa kupelekwa nje. Nikasema mdomo wake utamponza huko. Ni kweli au si kweli? Wakasema, basi nani. Nikasema Gerda. Nikawaambia huyu atarudi, kwa sababu hana mahali pengine pa kwenda siku ya Alhamisi." Akafungua macho. "Wewe na kaka yako Magharibi, unadhani nani mwingine angekudhamini? Nilikupa zawadi."

"Ulinipa kiti cha Egon."

"Kisingebaki wazi."

Ubaya ni kwamba alikuwa anasema kweli, na alikuwa anamtazama kama mtu anayengoja kushukuriwa. Gerda alifikiria uwanja ule mtupu, bao la pili, machozi yake. Vyote hivyo alivipata kupitia mkono huu ulioshika nguzo, mkono uliomletea viazi miaka mingi.

"Alwin sikumwona," akasema. "Ya vyooni nimeitunga. Nilikuwa nakutega."

Reinhold akatabasamu kidogo, tabasamu la mchezaji aliyeliwa kihalali.

"Alhamisi utamwambia Egon," akasema Gerda. "Mimi nikimwambia hataniamini. Kwa hiyo utasema wewe."

"Nikisema nimekwisha. Wale hawapendi mtu anayejitangaza."

"Egon hatasema."

"Egon? Egon anasimulia hata anachoota."

"Basi utachagua. Ama unasema wewe, ama naanza mimi kwa Mama Schnelle, na Mama Schnelle anajua kueneza." Akamfungulia mlango wa kibanda. "Shika vyuma vizuri. Sitaki nikuangushe mimi."

Alhamisi Egon alikuja kwa sababu Reinhold alimfuata nyumbani kumwomba. Alikaa na koti lake bila kulivua. Gerda alikaa na mikono chini ya meza. Meza za jirani zilikuwa na kelele zao, na Reinhold alisubiri kelele ipande ndipo akasema, haraka na bila kupamba, kwamba ni yeye. Mzaha wa basi ni yeye. Kumwondoa Egon ni yeye, na kumweka Gerda ni yeye pia.

Egon akasukuma bia yake kando. Gerda akadhani sasa ngumi inakuja, akajiandaa kuishika.

"Amekupa nini?" Egon akauliza.

"Nani?"

"Huyu. Au wale wenzake. Reinhold, wewe bia ikija na nzi unamwomba nzi radhi. Leo unataka niamini wewe ndiye shushushu? Wameona mtu wao amechafuka, wakakutuma umsafishe. Nakuonea huruma, bwana."

Reinhold alijaribu. Alitaja mwezi gani, nyumba gani ya kunywea kahawa, aliulizwa nini akajibu nini. Kila alichoongeza kilimharibia. Egon alitikisa kichwa tu: ona jinsi alivyofundishwa vizuri. Mtu anayesema kweli, akasema, angesahausahau. Gerda aliona ukweli umeingia uwanjani baada ya kipenga cha mwisho, umevaa jezi safi, na hakuna wa kuupa pasi.

Egon akasimama. Alitazama meza nyingine: kila moja ilikuwa na watatu wake. Alitazama mlango, na nyuma ya mlango ule kulikuwa na nyumba yenye mama mkwe ndani. Alisimama hapo, mkono mmoja umeshika ufunguo, kama mtu anayengoja treni ambayo anajua haisimami kituo hicho. Kisha akavuta kiti.

"Mmoja wenu ni mchawi," akasema. "Labda wote. Labda hata huyo mama wa baa. Gawa."

Waligawa. Wakaanza mnada, namba zikapanda, na Reinhold, ambaye kwa kawaida hunadi kama anayekopa, safari hii alipanda hadi akawashinda wote. Kwa hiyo yeye akawa peke yake, na Gerda na Egon, watake wasitake, wakawa upande mmoja. Ndivyo mchezo ulivyo. Haukuulizi unampenda nani.

Walikwenda sawa kwa sawa. Halafu Reinhold akaangusha pau ndogo. Egon hakuwa na pau. Mkononi alikuwa na kumi ya kopa, pointi nono, na zamu yake ilikuwa kabla ya Gerda. Akiitoa, na Gerda akawa na pau kubwa, wanakula nono. Akiitoa, na Gerda akawa hana, amemgawia adui. Kumwonyesha ishara ni wizi. Gerda alikuwa na ree ya pau, kubwa kuliko pau zote. Aliishika kama karata nyingine yoyote, akaangalia bia yake. Egon alimtazama usoni, akatazama kumi yake, akamtazama tena. Mama Schnelle alipita na chupa, akarudi na chupa tupu, bado Egon anatazama.

Akaitoa.

Gerda akalaza ree juu yake, akavuta karata tatu upande wao. Reinhold alihesabu turufu zake kwa macho akajua amekwisha.

Walipomaliza raundi, Egon alichanganya karata kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Uwanja," akasema akiangalia karata. "Ulikuwa mtupu kweli, au wale wa TV walikuwa wanaelekeza kamera vibaya?"

"Mtupu. Nilimsikia kipa akiongea."

"Alisema nini?"

"Alimwambia beki wa kushoto aamke."

Egon alitaka kucheka, akazuia. Gerda akaanza kusimulia: kelele inayorudi, watu wanaokaa na kuruka kwa zamu, ile pembe ya bao la pili. Egon akambishia kwamba haikuwa imebana hivyo, yeye aliona, palikuwa na nafasi ya kupitisha tofali.

"Egon, mimi nilikuwepo," akasema Gerda.

Reinhold akajishughulisha na povu la bia yake. Gerda angetoa kahawa yote ya Duisburg kulirudisha neno lile mdomoni.

"Najua ulikuwepo," akasema Egon. Akamgawia karata moja moja, na macho hayakuwa kwenye uso wake, yalikuwa kwenye mikono yake, yakingoja kuona itafanya nini. "Endelea. Pembe ilikuwaje?"

Reinhold alisogea kidogo ili asikie na yeye. Gerda alimwona akisogea. Akainua karata zake, akaendelea, akichagua maneno.